Mpopla, Chavua na Neno "Chotara"

Kwenye duka la pembejeo, neno "chotara" ni sifa. Mwenye duka anakuonyesha mfuko wa mbegu za mahindi, anakwambia, "Hii chotara, mzee wangu, hutajuta," na bei inapanda papo hapo. Toka nje ya duka lile lile, umwite mtoto wa jirani chotara, uone mama yake atakavyokutazama. Neno moja, mizani miwili. Nimeishi na neno hilo miaka mingi bila kulifikiria sana, mpaka nilipoanza kusoma habari za mti ambao wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho: mpopla.

Niliufikia mpopla kwa kupotea njia. Nilikuwa nafuatilia historia ya ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya aina 12,000 za mimea. Mmoja wa wahariri wake wa mwanzo alikuwa Mwingereza, Edgar Milne-Redhead, wa bustani ya mimea ya Kew huko London. Mwaka 1955 na 1956 alikuwa Songea pamoja na mwenzake Peter Taylor, wakichuma mimea, wakiikausha na kuibandika kwenye karatasi. Nikawa na hamu ya kujua mzee huyu alifanya nini baada ya kustaafu.

Kumbe alirudi kwao akaanza kutafuta mti mmoja tu. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1988 aliongoza wapenzi wa mimea wa nchi nzima kuusaka mpopla mweusi, Populus nigra, uliokuwa ukiota kando ya mito na mabonde ya Uingereza tangu zamani. Mtu aliyeshughulikia mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika sasa anazunguka mashamba ya kwao akiuliza: mti huu bado upo?

Nilibaki mdomo wazi. Mpopla mweusi si kijimmea cha kufichika. Unaweza kufika mita 30, shina lake limejaa manundu, matawi yake mazito yanainama kisha yanapinda tena kuelekea juu. Mti wa namna hiyo unapoteaje machoni pa watu wanaoishi chini yake? Jibu ni kwamba haukupotea kwa kukatwa tu. Ulizungukwa na jamaa zake chotara, wengi kupita kiasi, na watu wakasahau yupi ni yupi.

Tuuelewe kwanza mti wenyewe. Kwa kuwa wengi hatujauona, chukua mimea mitatu ya kwetu. Wa kwanza mpapai: kama mpapai, mpopla una mti dume na mti jike, na dume halizai. Wa pili msufi: mti jike wa mpopla ukikomaza matunda yake, hupasuka na kutoa pamba nyeupe inayobeba vijimbegu kwa upepo na maji. Wa tatu muhogo: kata kipande cha tawi, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kitaota. Na kama ilivyo kwa pingili ya muhogo, kitakachoota ni mti ule ule uliokata, kwa jeni zake zote na jinsia yake. Hapo hujapata mtoto. Umepata nakala.

Kuna jambo moja zaidi. Mbegu ya mpopla haina subira. Uhai wake ni wa siku chache au wiki chache, na inataka mchanga au tope jipya, lenye unyevu, lisilo na majani mengine juu yake. Mahali pa namna hiyo hutengenezwa na mto unapofurika kisha ukarudi taratibu. Kwa hiyo mti huu hauwezi kutenganishwa na mafuriko. Mto ukitulizwa, mpopla unakosa pa kuzalia.

Sasa hadithi inavuka bahari. Karne ya 17 ikielekea ukingoni, wapenda bustani wa Ufaransa walianza kupanda mpopla wa Amerika Kaskazini, Populus deltoides. Huko kwao nao ni mti wa mitoni, jamaa wa karibu kabisa wa mpopla mweusi. Kwa muda usiohesabika bahari ya Atlantiki ilikuwa imezitenga familia hizi mbili. Zikawekwa bustani moja. Upepo ukafanya kazi yake: chavua ya mpopla mweusi ikaangukia maua ya mti jike kutoka Marekani, na kabla karne ya 18 haijafika mbali, chotara walikuwa wamesimama kwenye vitalu vya Ufaransa. Walikua haraka kuliko wazazi wote wawili na shina lilinyooka. Mkulima yeyote anayejua mahindi chotara anaielewa nguvu hiyo.

Mwaka 1785 kulitokea jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Huko Marekani, Humphry Marshall alichapisha kitabu cha miti ya nchi yake, ndani yake limo jina Populus deltoides. Mwaka huo huo, Ujerumani, Conrad Moench alikuwa akieleza miti ya kigeni katika bustani ya Weissenstein, naye akampa chotara jina: Populus canadensis, mpopla wa Kanada. Yaani mtoto aliyezaliwa Ulaya, kwa baba wa Ulaya, akaandikwa ni wa Kanada! Kanada alikuwa hajafika. Siku hizi jina huandikwa na alama ya kuzidisha katikati kuonyesha kuwa ni mseto, lakini uraia wa makaratasi haukubadilika. Ukiwa na sura ngeni kidogo, kila mtu atakuuliza umetoka wapi, hata kama umezaliwa uani kwake.

Baada ya hapo wenye vitalu waliingia kazini. Mti uliojulikana kama 'Serotina', kwa kuwa huchelewa kutoa majani, ulienea kutoka Ufaransa katika karne ya 18. 'Regenerata' ulitokea karibu na Paris mwaka 1814. Kitalu cha Simon-Louis karibu na Metz kilitoa 'Eugenei' mwaka 1832, kisha mwaka 1895 kikatoa 'Robusta'. Hii yote ilikuwa miti iliyojizalia yenyewe, jicho la mtu wa kitalu likaichagua. Mwaka 1912 Augustine Henry akavuka hatua: pale Kew alichavusha mipopla kwa makusudi, akapata chotara wa kupangwa. Mwaka 1924 huko Marekani, Stout na Schreiner wakaanza kazi kwa ajili ya kampuni ya karatasi, wakazalisha maelfu ya miche chotara. Mwaka 1929, Italia, Jacometti alichagua mche ulioitwa I-214, ambao baadaye ulijaza bonde la mto Po. Mwaka 1947 likaundwa baraza la kimataifa la mipopla, likawekwa chini ya FAO.

Zote hizi za nini? Za njiti za kiberiti, masanduku ya matunda, mbao nyembamba za kugandisha, karatasi. Ulaya iliyokuwa inajijenga upya baada ya vita ilitaka mti unaovunwa baada ya miaka 15 au 20, na chotara alikuwa tayari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu aliyepanda safu ya 'Robusta' kando ya mfereji wake alifanya kile ambacho mkulima wa Mbeya anafanya anapoacha mbegu ya bibi na kununua mfuko dukani.

Lakini kumbuka habari ya pingili. 'Robusta' milioni moja ni mti mmoja uliorudiwa mara milioni moja. Na kumbuka habari ya dume na jike. Watu wengi hawakupenda ile pamba: inaingia madirishani, inatanda barabarani, inashika nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo, walipokuwa na hiari, walichagua miti dume. 'Serotina' ni dume. 'Eugenei' ni dume. 'Robusta' ni dume. Walidhani wamechagua mti usio na usumbufu. Mti dume hauangushi pamba, ni kweli, lakini kila majira ya kuchipua humwaga chavua, na chavua haionekani kwenye nguo. Kwa kukimbia kero inayoonekana, walisambaza kitu kisichoonekana.

Kisa cha kusikitisha kuliko vyote ni cha ndugu wa damu kabisa. Huko Italia ya kaskazini ulitokea mpopla mweusi ambao matawi yake hayatanuki. Yanapanda juu kama mikono ya mtu anayeomba, na mti mzima unasimama kama mshumaa. Huo ndio mpopla wa Lombardia. Unaoonekana kote duniani ni dume, nakala juu ya nakala. Mwaka 1758 Lord Rochford, aliyekuwa balozi Turin, aliupeleka Uingereza. Mwaka 1784 William Hamilton akaupanda Philadelphia. Ukawa mtindo wa dunia.

Fasihi na sanaa ya Ulaya zimeujaa mti huu. Rousseau alipofariki mwaka 1778 alizikwa Ermenonville kwenye kisiwa kidogo kilichozungushiwa mipopla hii, na watu walikwenda kukizuru kama wanaokwenda kwenye kaburi la walii, hata baada ya mabaki yake kuhamishiwa Panthéon mwaka 1794. Wanamapinduzi wa Ufaransa walipopanda miti ya uhuru kwenye viwanja vya miji, mara nyingi walichagua mpopla, kwa kuwa kwa Kilatini jina lake, populus, huandikwa sawasawa na neno la "umma". Mwaka 1891 Monet aliichora mipopla ya mto Epte karibu na Giverny, picha baada ya picha. Katikati ya kazi akasikia miti inapigwa mnada. Akaingia ubia na mfanyabiashara wa mbao, akatoa fedha yake mwenyewe ili miti ibaki imesimama mpaka amalize. Nampenda Monet kwa hilo. Lakini ile miti aliyoikomboa ilikuwa ya kupandwa, bidhaa inayosubiri msumeno. Mpopla mweusi wenyewe, ule wa manundu na matawi yaliyopinda, haukuwa na mtu wa kuulipia.

Ndipo Milne-Redhead anapotokea na daftari lake. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kutambua. Wakulima waliita kila mti wa aina hiyo "mpopla mweusi", kumbe mingi ilikuwa chotara. Ilibidi watu wafundishwe kutazama manundu ya shina, namna matawi yanavyopinda, umbo la jani. Kuna ishara moja inayonifurahisha: kidukari mdogo anayeingia kwenye kikonyo cha jani na kukisokota kama skrubu. Mara nyingi mdudu huyo huchagua mpopla mweusi, pamoja na ule wa Lombardia, na kuwapita chotara. Kile wasomi walichosahau, mdudu alikuwa bado anakijua.

Hesabu zilizofuata zilitia huzuni. Makadirio yanayotajwa sana ni miti takriban 7,000 Uingereza nzima, na kati yake miti jike 600 hivi tu. Mingi ni mizee. Na uchunguzi wa vinasaba ulipokuja, ukaleta aibu nyingine: mingi ya miti hiyo "ya asili" ilikuwa nakala za miti michache. Yaani wakulima wa zamani nao walikuwa wakikata pingili na kuchomeka, na wao pia waliikwepa pamba. Mti uliokuwa ukitetewa kama mwenyeji halisi ulikuwa umepandwa kwa mkono wa mtu, sawa na mgeni.

Hapo nilisimama kidogo. Maana nilianza safari hii nikiwa na picha rahisi kichwani: huku mwenyeji, kule mvamizi. Mpopla wa Lombardia ni spishi ya wenyeji lakini umetapakaa kama bidhaa. Mwenyeji wa Suffolk amepandwa. Chotara wa Moench amezaliwa Ulaya. Ukitaka kugawa watu kwa mstari hapa, mstari utakukatia mkononi.

Sasa, je, chavua ile kweli inafika? Hili ndilo swali ambalo wanasayansi huliita mtiririko wa jeni: jeni za kundi moja kuingia katika kundi jingine kizazi hadi kizazi, kwa njia ya chavua na mbegu. Mwaka 1994 nchi za Ulaya ziliunda mtandao wa kuhifadhi jeni za miti ya misitu, EUFORGEN, na mpopla mweusi ulikuwa miongoni mwa miti ya kwanza kabisa kushughulikiwa. Vipimo vya vinasaba viliwawezesha watafiti kuchukua mche mdogo wa kando ya mto na kuuliza: baba yako nani?

Kazi iliyonivutia zaidi ni ya mto Maas, ambao Wafaransa wanauita Meuse, unaopita mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi. An Vanden Broeck na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2004, kisha mwaka 2005 wakatoa muhtasari wa ushahidi wa Ulaya. Eneo hilo wenyeji walikuwa wamebaki wachache mno, na pembeni wamejaa chotara wa kupandwa. Ushahidi ulionyesha kwamba chotara hawakai tu wakisubiri msumeno. Wana rutuba, wanazaa, na jeni za mti wa Marekani zinaonekana kwenye miche inayojiotea. Mpopla wa Lombardia nao umekutwa ni baba wa watoto ambao hakuna aliyewapanga.

Lakini sikia na upande wa pili, maana ndio ulionibadilisha mawazo. Chavua ikichanganywa, ya mpopla mweusi na ya kigeni, kisha ikawekwa kwenye ua la mpopla mweusi jike, ile ya kwao huelekea kutangulia. Mti jike una namna yake ya kuchagua. Wenye madume wao karibu, huzaa watoto wao bila shida hata kama chotara wamepanga safu ng'ambo ya mto. Hatari inakuja pale mti jike unapobaki peke yake, dume wa kwao wa karibu yuko mbali, na upepo wote umejaa chavua ya nakala moja.

Kwa hiyo kinachoharibu ni hesabu. Upande mmoja wazee wachache waliotawanyika, upande wa pili mti mmoja uliorudiwa mpaka umekuwa jeshi. Wakichanganyika watu wa namna hiyo, hakuna mchanganyiko wa kweli, mmoja anamezwa tu. Tena anamezwa na kitu chenye umaskini wake: nakala milioni moja zina jeni za mti mmoja. Wabelgiji waliuonja umaskini huo kwenye mashamba yenyewe. Chotara wao 'Beaupré', aliyesifiwa kwa kuuhimili ugonjwa wa kutu ya majani, alishambuliwa na aina mpya ya kutu hiyo mwaka 1994, na kwa kuwa kila mti ulikuwa ndugu pacha wa mwenzake, mlango uliofunguka kwa mmoja ulifunguka kwa wote. Siku hiyo thamani ya wale wazee wa manundu, wenye jeni tofauti tofauti, ilionekana hata kwa mfanyabiashara.

Na jambo hili si la kale. Mwaka 2002 China iliruhusu kupandwa kibiashara kwa mipopla myeusi iliyotiwa jeni ya bakteria ili iwaue wadudu wala majani, na zaidi ya miti milioni moja ikapandwa. Swali la chavua inaenda wapi, ambalo zamani lilikuwa la wapenda bustani, limekuwa swali la sheria.

Katika kusoma haya yote, kuna lugha moja iliyonikosesha raha. Maandishi mengine huita jambo hili "uchafuzi wa jeni". Mara "damu safi", mara "wavamizi". Naelewa kwamba mwandishi anazungumzia miti. Lakini lugha ina kumbukumbu yake. Mwaka 1942, Ujerumani ya Hitler, kundi la wataalamu wa mimea wa Saxony lilitaka vita vya kuangamiza dhidi ya kimmea kidogo cha msituni, Impatiens parviflora, kwa kuwa kilitoka nje, na wakakifananisha na Ubolsheviki. Mwaka huo, watu wenye mawazo hayo hayo kuhusu damu hawakuishia kwenye mimea. Mimi msemaji wa Kiswahili, lugha iliyokula maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza na bado ikasimama na sarufi yake ya Kibantu, nikisikia mtu anahubiri usafi wa asili, natafuta mlango ulipo.

Ila sikutaka chuki hiyo initie upofu wa upande wa pili, niseme eti kila mchanganyiko ni baraka, tuache upepo ufanye unavyotaka. Mpopla mweusi unaweza kweli kutoweka. Na Kiswahili kilimeza maneno ya watu kwa sababu kilikuwa na wasemaji wengi, masoko yake, nyumba zake, watoto wake. Lugha ndogo yenye wazee kumi ikikutana na lugha ya redio na shule, haichanganyiki. Inazikwa. Anayetaka kuiokoa hana haja ya kumchukia msemaji wa lugha kubwa. Anahitaji mahali ambapo watoto watazaliwa wakiisema.

Kwa mpopla, mahali hapo ni mto. Nimesema mbegu yake inataka mchanga mpya. Sasa angalia Ulaya ilivyofanya mito yake. Mhandisi Johann Gottfried Tulla alianza kuunyoosha mto Rhine wa juu mwaka 1817, kazi ikamalizika mwaka 1876, muda mrefu baada ya yeye kufa. Kona zikakatwa, visiwa vikafutwa, mto ukawa mfereji. Mito mingine ikafuata. Hapo ndipo wenyeji walipopoteza uzazi wao, kabla hata chotara hajawa wengi. Chotara alikuta nyumba imeshabomolewa. Yeye hakuhitaji mto, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumchomekea pingili.

Na hapa hadithi inarudi kwetu, kwa njia ambayo sikuitarajia. Miongoni mwa waliosisitiza sana Ulaya kwamba misitu ya mabondeni haitarudi bila mafuriko ni Francine Hughes, aliyehariri mwongozo uitwao The Flooded Forest mwaka 2003. Lakini mafuriko na misitu aliyachunguza kwanza wapi? Mto Tana, Kenya. Makala yake ya mwaka 1990 inahusu jinsi mafuriko ya Tana yanavyoamua msitu gani uote wapi.

Maana Tana ina mpopla wake. Naam, Afrika Mashariki tuna mpopla wa asili, Populus ilicifolia. Una jamaa huko Mashariki ya Kati, Populus euphratica, ambao wataalamu wengi wanaamini ndio mti uliosimama kando ya mito ya Babeli katika Zaburi ya 137. Wapokomo wamechonga mitumbwi kwa mpopla wa Tana. Nao, kama binamu zake, huota kwenye mchanga mpya unaoachwa na mto. Hauna safu za 'Robusta' za kuuogopa. Una jambo jingine. Juu ya mto tumejenga mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988, na mengine kati yao. Umeme tunaoutumia tunauhitaji, silaumu taa ninayosomea. Lakini bwawa kubwa hupunguza mafuriko, na kila furiko lisilokuja ni kizazi cha mipopla kisichozaliwa.

Kwa hiyo Ulaya ilijifunza sehemu ya somo lake kwenye mto wetu. Leo kwenye Maas kingo zimeachiliwa nafasi, kokoto zimeanza kuonekana tena, na mipopla myeusi kutoka kwenye hifadhi imepandwa upya, miti dume na miti jike, ili upepo uwe na chavua ya wenyeji pia. Sijasikia wakipanga kumng'oa kila chotara Ulaya nzima. Wanarekebisha hesabu. Wanampa mti jike wa mtoni wachumba wa kutosha na mchanga wa kuzalia, kisha wanamwachia achague mwenyewe.

Milne-Redhead alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka 90. Nikimfikiria, simfikirii sana na ule mpopla wake. Namfikiria Songea, ameinama njiani na mkasi, anauliza mwenyeji jina la mmea. Kazi ya kuorodhesha ni kazi ya kuuliza "nani yuko hapa?" kabla ya kuuliza "nani ana haki ya kuwa hapa?" Swali la kwanza alilifanyia kazi maisha yake yote, kwetu na kwao. La pili, ukilitanguliza, hata mti wa kwenu hutautambua.

Juzi nilipita tena duka la pembejeo. Mfuko bado uko pale, chotara, bei imepanda. Nikanunua. Lakini nyumbani, kwenye ile debe ya zamani, kuna mbegu za marehemu bibi, nyekundu, ndogo ndogo. Nimezitengea kipande chao, mbali kidogo na hizi za dukani, maana mahindi nayo huchavushwa na upepo. Ni mistari kadhaa tu, ya kutosha kupata mbegu ya mwakani.